Ngao ya Punda

Haya hayakutokea zamani za kale, enzi za wanyama kusema na miti kutembea. Yametokea juzi tu, wanyama walipochoka kusema wakaanza kuendesha bodaboda.

Kijiji kinaitwa Mbuyuni. Mbuyuni ziko nyingi, kwa hiyo asitokee mtu akadai nimemsema yeye. Chini ya mbuyu pana kijiwe, na kijiweni huegeshwa pikipiki 12: 11 za Twiga, moja ya Sungura. Twiga mwenyewe haendeshi. Husingizia shingo. Kila magharibi huinamisha kichwa kutoka huko juu, akapokea hesabu za madereva, akaandika kwenye daftari la jalada jekundu, kisha akakiinua tena aendelee kuona mbali. Fedha ya huko ni kokwa za ubuyu, na ghala la kokwa liko nyuma ya nyumba ya Twiga.

Madereva ni wa aina mbili. Wako wa mkataba, ambao wakipeleka hesabu mpaka mwisho bila kuruka siku, pikipiki inakuwa yao. Na wako deiwaka, wanaokamata usukani mwenye mkataba akiwa msibani, au akiwa amelala tu. Punda alikuwa wa mkataba, amebakiza miezi minne. Mnyama aliyebakiza miezi minne ya mkataba hana akili za kawaida. Aliiosha pikipiki kuliko alivyooga. Usiku aliifunika turubai, yeye akalala nje ya turubai. Ukiigusa saitimira, alikuuliza umetumwa na nani.

Mambo yalianzia kwa Nyumbu, ambaye ni deiwaka. Asubuhi moja alikula mzinga kwenye kona ya kwa Mama Kanga. Ulikuwa mzinga mdogo. Kona ile ina mchanga uliomwagwa na lori tangu mvua za vuli, na hakuna aliyeuzoa kwa kuwa kila mtu alijua kwamba mchanga ule ni wa serikali. Nyumbu aliingia konani amekamata breki ya mbele, gurudumu likateleza, wakalala ubavu, yeye na pikipiki. Hendeli ya klachi ilikatika. Indiketa ya kushoto ikabaki inaning'inia kwa waya. Saitimira ilipasuka, na pedali ya gia ikajikunja mpaka ikagusa injini. Nyumbu alichunika goti na kiganja kizima cha kushoto, nyama ikaonekana.

Twiga alipofika aliizunguka pikipiki mara tatu. Nyumbu hakumzunguka hata mara moja.

"Bosi, na mkono huu?" Nyumbu aliuliza, akiwa ameuinua ili utazamwe.

"Mkono utaota ngozi," Twiga alisema. "Hendeli inaota?"

Kikao kikaitwa siku ileile, ajenda ikiwa moja: kinga. Na kinga ikitajwa Mbuyuni, Fisi haitwi, huja.

Fisi ana duka njia panda. Upande wa mbele anauza vifaa vya usalama barabarani. Upande wa nyuma ananunua vyuma chakavu, na wanyama wenye adabu hawamuulizi kama kuna kingine anachonunua huko nyuma. Alikuja na ngao ya pikipiki begani, vile vyuma vya bomba vinavyofungwa mbele ya injini kulia na kushoto, ambavyo wengine huviita bampa. Ilikuwa ya kromu na iling'aa. Kanga wawili walijitazama humo wakarekebisha vilemba.

"Waheshimiwa," Fisi alisema, akailaza ngao chini, akatoa nyundo, akaipiga mara tatu. "Imepinda?"

"Haijapinda!" kijiwe kikajibu.

"Ukiwa na hii, hata ukigongwa na Tembo, Tembo ndiye atakayelipa. Kokwa 30 tu. Kwenu, kwa kuwa ni jirani zangu, kokwa 30."

Ngedere, fundi wa pikipiki, alikuwa amekaa juu ya tairi akila karanga. Aliuliza, bila kuinuka, nyundo ile ilikuwa na uzito gani na ilikwenda mwendo gani. Fisi akacheka kicheko chake, akasema nyundo ni nyundo. Ngedere akasema dereva na pikipiki yake pamoja wanafika kilo 200 na zaidi, si uzito wa nyundo. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili pigo haliongezeki mara mbili, linakuwa mara nne, kwa hiyo chuma kilichovumilia kwenye 30 hakijatoa ahadi yoyote kwa 60. Halafu akaongeza neno ambalo wengi hawakulisikia kwa sababu Kanga walikuwa bado wanajitazama: chuma kinachokataa kupinda hakilimalizi pigo, kinalipeleka mbele, na mbele ya ngao hii pana bolti mbili na chesisi.

Sungura aliokota kijiti akaandika hesabu mchangani. Ni lazima nimpe haki yake: Sungura ni mjanja, lakini hesabu zake ni safi pikipiki ikiwa yake.

"Hendeli, 3. Indiketa, 2. Saitimira, 3. Kunyoosha pedali, 1. Nyumbu kavunja vya kokwa 9. Ngao ni 30. Lazima aanguke hivyo zaidi ya mara tatu ndipo ngao irudishe fedha yake. Na hapo nimemsaidia Bwana Fisi, maana saitimira iko juu kuliko ngao, na hendeli iko pembeni kuliko ngao. Pikipiki ikilala, ncha ya usukani bado inagusa ardhi. Ngao ingeokoa pedali, labda na indiketa. Vya kokwa 3."

"Na tenki je?" Fisi aliuliza.

"Tenki ni 60. Kava ya krenki ni 25, na ikipasuka oili yote inamwagika, safari imeishia hapo. Hapo ngao ina maana, sikatai. Lakini pikipiki zetu hizi injini yake ni nyembamba, silinda moja imekaa katikati. Nani hapa amewahi kupasua kava?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Sungura akaonyesha barabarani, ambako Flamingo, mtalii, alikuwa anapita na pikipiki kubwa ya Kijerumani, ile BMW yenye silinda mbili zilizotokeza nje, moja kulia, moja kushoto.

"Yule ndiye aweke ngao. Kwake kitu cha kwanza kugusa ardhi ni injini yenyewe, na kifuniko kimoja tu kina bei ya kijiji hiki. Hahitaji hata kuwa na mwendo. Stendi ikizama tu kwenye udongo laini, pikipiki ikaanguka peke yake, ngao imekwisha kujilipa. Sisi vipuri vyetu vinauzwa mpaka kwa muuza vitunguu. Basi atakayenunua ngao kwa ajili ya pikipiki za hapa awe ni mtu mwenye pikipiki 11, ambaye kila wiki mojawapo inalala chini. Huyo akijumlisha, pengine inamlipa."

Kimya. Macho yote yalipanda polepole, yakafuata shingo ndefu mpaka juu.

Twiga alikohoa. "Mimi nilidhani tunazungumzia usalama wa dereva. Ngao inakinga miguu. Miguu ni ya nani? Ni yangu?"

"Ni yetu, bosi," Punda alisema.

"Basi."

Hivyo ndivyo ngao ilivyokuwa ya Twiga wakati wa kuokoa na ya dereva wakati wa kulipa, na hadi leo kijiweni hawajui ni nani aliyekubali.

Bibi Bundi hakuwa amealikwa, ila anakaa kwenye mbuyu uleule, na vikao vya mchana humkatiza usingizi. Alifumbua jicho moja.

"Wanangu, mimi nimeishi miaka juu ya paa la Muhimbili, upande wa MOI, ile taasisi ya mifupa. Pale usiku hakulaliki. Nimeona vijana wa bodaboda wakishushwa, mguu umegeuka unatazama ulikotoka. Sijawahi kuona pikipiki ikishushwa."

Wakacheka. Bundi hakucheka.

"Jambo lenu binadamu wamelichunguza zamani. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walizifuatilia ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Walifika pale pale damu haijakauka, wakapima alama za breki, wakakagua kofia na vyuma. Ripoti ikatoka mwaka 1981. Kuhusu ngao za namna hii waliona kwamba majeraha ya wayo na kifundo yanapungua kweli. Bwana Fisi, hapo hukusema uongo."

Fisi aliinama kwa shukrani.

"Ila kilichookolewa chini kililipwa juu. Majeraha ya muundi, goti na paja yaliongezeka, hesabu ikafungana, faida ikawa hakuna. Na waliona jambo jingine: robo tatu hivi za ajali zile ni za kugongana na chombo kingine, kwa kawaida gari dogo, na katika hizo, theluthi mbili mwenye chombo kile kingine ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki. Sasa ngao yako imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayelala ubavu peke yake kwenye mchanga. Wangapi kati yenu watapata bahati ya kuanguka peke yao?"

Hapa msimulizi nina neno. Ripoti ile ni ya zamani, pikipiki zile zilikuwa za wakati ule na barabara zile zilikuwa na lami mpaka ukingoni; anayetaka kusema kwamba Mbuyuni si Los Angeles ana haki ya kusema. Lakini aliyesema hivyo kikaoni alikuwa Fisi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba mabomba yake ni bora kuliko ya California alikuwa nao yeye, si Bundi. Alichothibitisha ni kwamba anayo nyundo.

Mzee Kobe alikuwa ameanza safari ya kuja kikaoni tangu alfajiri, akafika wakati huo. Walimwamkia wote, hata Twiga, ingawa shikamoo ya Twiga ilichukua muda kufika chini. Fisi alifurahi kumwona. Alimsukuma mbele wamtazame.

"Ushahidi huu hapa! Mzee Kobe ana ngao tangu kuzaliwa. Ana umri gani? Hakuna anayejua. Mzee, waambie vijana."

Kobe alivuta pumzi. "Kweli nina ngao. Na inanisaidia kwa sababu moja: mimi niko ndani yake. Kikianguka kitu, naingiza kichwa, naingiza miguu, nangoja. Sasa nionyesheni, Punda atajiingiza wapi? Chuma hiki kiko mbele ya injini. Injini ndiyo iliyo ndani. Punda yuko nje, juu, miguu imening'inia, na akigongwa pikipiki itabaki na ngao yake, yeye ataendelea na safari peke yake."

"Kwa hiyo tufanyeje, babu?" Nyumbu aliuliza, mkono wake umefungwa kwa kipande cha kanga.

"Wewe ungevaa glovu ungekuwa unatafuna sasa hivi kwa raha zako. Za ngozi, hata za mtumba, ni kokwa 4. Kiatu kinachofunika kifundo, kokwa 6, uache ndala nyumbani. Na kabla ya vyote hivyo, kichwa."

Bundi akadakia, maana habari ya kichwa ndiyo iliyomfumbua jicho la pili. Aliwasimulia kisa cha Lawrence, yule Mwingereza wa vita vya Arabuni, aliyenusurika ngamia, risasi na Waturuki, kisha Mei 1935 akaanguka na pikipiki huko Dorset akiwakwepa wavulana wawili wenye baiskeli. Kichwa kitupu. Alikaa siku sita, akafa. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, ambaye baadaye alizichunguza ajali za matarishi wa jeshi waendao kwa pikipiki. Mwaka 1941 alichapisha aliyoyaona kuhusu faida ya kofia ngumu, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha matarishi wake kuvaa. Akataja na uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti 61: kofia inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

"Asilimia 69," Punda alirudia taratibu, na ilionekana kama neno limemwingia. Kisha akauliza, "Na masikio?"

Kikao kikafufuka. Swali la masikio ndilo walilokuwa wakilingoja. Sungura akasema kofia inamkunja masikio na akiyakunja hasikii honi. Nyumbu ana pembe. Kanga, wakisemea abiria, walisema kofia ya bodaboda inanuka jasho la ukoo mzima wa abiria waliotangulia, ina chawa, na inavuruga msuko wa kokwa kadhaa kwa safari ya mwendo wa nyimbo mbili. Mbuzi alisema kofia inaleta upara. Ngiri akasema ajali ni mipango ya Mungu, na kwamba mjomba wake aliendesha miaka 30 bila kofia. Walipomuuliza mjomba yuko wapi, akasema kwamba hilo ni jambo jingine.

Fisi hakupinga kofia. Fisi hapingi biashara. Anazo kofia za namna mbili dukani. Ya kwanza ni ya kokwa 25: ganda gumu nje, ndani povu zito linalosagika linapopata pigo ili ubongo usimame polepole, na kwenye mkanda wa kidevuni imeshonewa kitambulisho chenye herufi E ndani ya duara, yaani imepimwa kwa kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Ikishagonga mara moja imekwisha kazi, maana povu lililosagika halirudi. Ya pili ni ya kokwa 6. Ni bakuli la plastiki lenye sponji ya kuoshea vyombo. Herufi E ipo pia, ya stika, na ukitaka ya ziada ubandike mwenyewe, stika nazo anauza.

Kura ilipigwa kabla jua halijazama, Twiga akihesabu mikono kutoka juu, mahali ambapo mikono yote inaonekana imenyooshwa. Ngao ilishinda. Kila dereva angenunua yake, kwa mkopo wa Fisi, Twiga akikata kidogo kidogo kwenye hesabu ya jioni na kubaki na sehemu yake kwa usumbufu. Kuhusu kofia, iliamuliwa kijiwe kinunue moja, ya kokwa 6, iwe inapokezanwa kwa dereva anayekwenda upande wa njia panda, ambako Mbwa Mwitu husimama na kitabu cha faini.

Kobe aliuliza kama kuna anayejua gharama ya kuzoa mchanga kwenye kona ya kwa Mama Kanga. Twiga akasema hilo halimo kwenye ajenda.

Mwezi mmoja baadaye Mbuyuni ilimeremeta. Na nikisema ngao hazikuwa na faida nitakuwa nawaonea. Zilibeba madumu ya maji, dumu moja kila upande. Zilibeba kuku wa Jumamosi, vichwa chini. Abiria wa mshikaki, yule wa tatu asiye na pa kuweka miguu, aliiweka humo. Siku ambazo kofia ya kijiwe ilikuwa mikononi mwa dereva, ilining'inizwa kwenye ngao, mkanda umezungushiwa bomba, ili Mbwa Mwitu aione kutoka mbali na dereva aendelee kupata upepo. Pikipiki ya Ngiri iliangushwa na watoto ikiwa imeegeshwa, na ngao ikaokoa indiketa. Ngiri alisimulia kisa hicho wiki nzima.

Nyumbu hakununua. Yeye ni deiwaka, pikipiki si yake, na Fisi hakopeshi deiwaka. Alinunua glovu za mtumba na kiatu cha ngozi kilichomzidi namba moja. Jumapili alionekana kwenye kona ya kwa Mama Kanga na koleo, Kobe yuko pembeni anaelekeza. Walichekwa. Mama Kanga aliwapa maji.

Punda alinunua vyote viwili, ngao na kofia, kwa kuwa amebakiza miezi mitatu sasa na alitaka kufika. Tena alinunua kofia ile ya kokwa 25, ya kweli, na siku ya kwanza aliivaa, akafunga mkanda, nikamwona. Siku ya pili masikio yaliuma. Siku ya tatu aliipeleka kwa Fisi, Fisi akaitoboa matundu mawili juu kwa msumeno, na kwa kuwa Punda alilalamikia joto, akamng'olea na lile povu. "Sasa inapumua," Fisi alisema. Povu alibaki nalo. Alilikata vipande akauza kama viti vya pikipiki.

Lakini ngao ndiyo iliyombadilisha. Kabla yake Punda alikuwa dereva wa kukera: anasimama kwenye alama, anawaachia wenye magari, anapunguza mwendo hata pasipohitajika. Ngao ikampa moyo. Alianza kupenya kati ya lori la Kiboko na ukingo wa daraja, mahali ambapo zamani angengoja. Mara mbili ncha za ngao zilikwaruza lori, kwa sababu pikipiki iliyofungwa ngao ni pana kuliko ile aliyoizoea kichwani. Kiboko alimtukana. Punda alitazama ngao, akaona haijapinda, akaendelea.

Na alijifunza ile starehe ambayo kila dereva mwenye ngao anaijua. Barabara ikinyooka, unainua miguu kutoka kwenye pedali, unainyoosha mbele, unaipumzisha juu ya bomba. Mgongo unalegea. Mbuyuni nzima walimwona akipita hivyo jioni, kwato mbili zimekaa kwenye kromu, kofia inabembea upande wa kushoto.

Ilikuwa karibu na njia panda, saa kumi na mbili na ushei, taa zimewaka nusu. Nguruwe alikuwa anakuja na pikapu upande wa pili, anataka kukata kulia kuingia dukani. Nguruwe hakuwa mlevi wala hakuwa na haraka. Alitazama, akaona barabara haina gari, na kweli haikuwa na gari. Akakata.

Punda alikamata breki ya mbele. Breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia, na mguu wa kulia ulikuwa juu ya ngao. Kuurudisha ni muda mfupi sana, lakini ndio muda uliokuwapo. Bomba la ngao liliufikia mlango wa pikapu kabla ya kitu kingine chochote, na kati ya bomba na mlango palikuwa na muundi wa Punda. Mwenyewe akapita juu ya boneti, akatua kwa bega na sikio moja. Kofia ilichomoka ikabingirika mpaka mtaroni. Haikupata mkwaruzo.

Wanyama walikusanyika. Injini ilikuwa bado inaunguruma. Ngedere aliizima, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye tenki, kwenye kava ya krenki, kwenye ngao yenyewe. Vyote vizima. Kisha akamulika tochi nyuma ya ngao, mahali pa bolti, akaonyesha chesisi ilivyochanika kutoka tundu moja hadi jingine. Hakusema kitu; alikwisha kusema siku ya nyundo.

Punda walimpakia kwenye bajaji ya Kasa. Huko alikopelekwa mfupa uliunganishwa kwa chuma, chuma cha ndani safari hii, na sikio lilishonwa. Alikaa wiki sita kitandani na nyingine nyingi akitembea kwa gongo. Nguruwe alimletea ndizi akalia, akasema hakumwona, na mimi namwamini.

Mkataba unasema kuruka siku ni kuuvunja. Hauelezi sababu. Twiga alimtuma Ngiri hospitali na daftari la jalada jekundu, akiwa ameweka unyasi kwenye ukurasa unaohusika, na Punda aliusoma mwenyewe: pikipiki imerudishwa kwa mwenyewe. Kuchomelea chesisi, kokwa 14, mdaiwa Punda. Indiketa moja, kokwa 2, mdaiwa Punda. Salio la ngao, kokwa 11, mdaiwa Punda. Mguu haukuandikwa. Daftari halina safu ya miguu.

Pikipiki sasa iko kwa Nyumbu, kwa mkataba mpya ulioanza tena mwezi wa kwanza. Jambo la kwanza alilofanya ni kuifungua ngao na kuirudisha dukani. Fisi aliipokea kwa bei ya chuma chakavu, akaifuta kwa kitambaa, akaitundika mbele pamoja na mpya. Iko pale hadi leo. Anaisifia kwamba imewahi kugongana na pikapu na haikupinda, na hilo ni kweli. Anataka kokwa 22; ukimbana anashuka mpaka 18.